Vyumba vya upasuaji havitoshi: Nani hukesha na mgonjwa Kitengela na Kajiado?

KILA kaunti inapofungua chumba kipya cha upasuaji, utepe hukatwa, hotuba husomwa na picha hupigwa kando ya meza inayong'aa chini ya taa kubwa. Ni nadra kwa mgeni wa heshima kuuliza swali lililo muhimu kuliko yote siku hiyo: saa nane za usiku, mgonjwa akishashonwa na kurejeshwa wadini, ni nani atakayeketi kando yake?

Swali hilo lina uzito wa pekee katika Kaunti ya Kajiado. Sensa ya mwaka 2009 ilihesabu wakazi 687,312 katika eneo hilo. Miaka kumi baadaye, sensa ya 2019 iliwahesabu 1,117,840. Mji wa Kitengela pekee, uliokuwa na takriban watu 58,000 mwaka 2009, ulikuwa umepita 154,000. Mahali palipokuwa malisho ya ng'ombe na mapito ya nyumbu wa Mbuga ya Nairobi, leo pana majumba ya kukodisha, maduka, shule na hospitali za kibinafsi zilizopangana kandokando ya barabara kuu ya Namanga.

Kitengela ni mji wa vijana na familia changa. Takriban kilomita 50 kusini mwake, katika mji wa Kajiado, ndiko iliko Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, inayotazamiwa kuhudumia eneo la karibu kilomita mraba 22,000, kuanzia joto la Magadi hadi Loitokitok chini ya Mlima Kilimanjaro. Hivyo basi, kaunti moja ina matatizo mawili yasiyofanana: upande mmoja msongamano wa watu, upande wa pili umbali.

Wataalamu wa Tume ya Lancet kuhusu Upasuaji Duniani, waliotoa ripoti yao mwaka 2015, walipendekeza kwamba uwezo wa hospitali ya kiwango cha chini upimwe kwa operesheni tatu: kumpasua mama anayeshindwa kujifungua, kufungua tumbo katika hali ya dharura, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Walisema pia kwamba kila mtu anafaa kuweza kufikia huduma hizo katika muda wa saa mbili. Mwenye kuijua Kajiado ataona kwamba operesheni hizo tatu zinaieleza kaunti hiyo barabara: akina mama wengi wa umri wa kuzaa, wagonjwa wanaofika hospitalini wakiwa wamechelewa, na barabara kuu yenye malori na bodaboda.

Hata hivyo, tume hiyo ilipima zaidi uwezekano wa kufikiwa kwa huduma. Kumfikisha mgonjwa mezani ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kumrudisha kwao akiwa hai.

Vifo hutokea baada ya kisu

Mnamo mwaka 2018, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha matokeo ya uchunguzi mkubwa kuhusu upasuaji barani Afrika. Wagonjwa 11,422 walifuatiliwa katika hospitali 247 za mataifa 25, Kenya ikiwemo. Ilibainika kwamba wagonjwa hao walikuwa na umri mdogo na hatari ndogo kuliko wagonjwa wa kwingineko duniani, ilhali uwezekano wao wa kufa baada ya upasuaji ulikuwa maradufu ya wastani wa dunia. Takriban mmoja kati ya watano alipatwa na tatizo baada ya operesheni.

Takwimu iliyopaswa kuwashtua wapangaji wa bajeti ni nyingine. Asilimia 95 ya vifo hivyo havikutokea mgonjwa akiwa mezani, bali baadaye, wakati wa kupata nafuu. Kwa maneno mengine, mpasuaji alimaliza kazi yake, mgonjwa akatolewa chumbani akiwa hai, kisha akafia kitandani.

Kwa upande wa akina mama, hali ni nzito zaidi. Sehemu ya uchunguzi huo iliyohusu upasuaji wa uzazi, iliyochapishwa mwaka 2019, ilionyesha kwamba zaidi ya akina mama watano kati ya kila 1,000 waliopasuliwa walifariki. Kiwango hicho kilikadiriwa kuwa karibu mara 50 ya kile cha nchi tajiri. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na vifo hivyo ni kuvuja damu kwa wingi na matatizo ya dawa ya usingizi.

Namna mauti hayo yanavyokuja haihitaji mtu awe daktari ili kuielewa. Mama aliyechomwa sindano ya ganzi uti wa mgongoni huweza kushukiwa na mpigo wa damu kwa ghafla. Aliyepewa nusukaputi huweza kurejewa na fahamu nusu, ulimi ukaziba njia ya hewa. Kizazi kisichojikaza baada ya mtoto kutolewa huendelea kuvuja damu, na damu hiyo huweza kujificha tumboni au chini ya shuka. Mapigo ya moyo huanza kwenda mbio kabla ya dalili nyinginezo kuonekana wazi. Anayepima kila baada ya dakika 15 ataliona jambo hilo mapema na kumwita daktari. Anayepita mara moja alfajiri atakuta mwili baridi.

Hapo ndipo penye kiini cha suala zima. Kati ya dalili ya kwanza na kifo kuna muda. Muda huo huokoa maisha ikiwa tu kuna jicho linaloangalia.

Ni suala linalozidi kuwa kubwa nchini. Utafiti wa kitaifa kuhusu idadi ya watu na afya ulionyesha kwamba asilimia 9 ya watoto walizaliwa kwa upasuaji kufikia mwaka 2014. Utafiti kama huo wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 17. Kwa hivyo, katika muda wa miaka minane, upasuaji wa uzazi ulikaribia kuongezeka maradufu. Je, wauguzi wa kuwatazama akina mama hao usiku nao waliongezeka maradufu?

Ripoti ya kwanza ya kitaifa iliyochunguza kwa siri vifo vya akina mama 484 vya mwaka 2014 ilitoa jibu la kuhuzunisha: katika visa zaidi ya tisa kati ya kumi, huduma waliyopewa marehemu ilikuwa chini ya kiwango kinachotakikana. Wengi wa akina mama hao walikuwa tayari wamefika mikononi mwa wahudumu wa afya.

Somo la Kenyatta

Kabla ya kisu pia kuna hatari yake. Wakenya wengi wangali wanakumbuka habari zilizochipuka Machi 1, 2018, kwamba katika Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa asiyefaa alikuwa amefunguliwa kichwa. Wagonjwa wawili walikuwa wamechanganywa. Mmoja alihitaji kuondolewa damu iliyoganda ubongoni, mwenzake alikuwa na uvimbe usiohitaji upasuaji. Madaktari waligundua kosa hilo saa kadhaa baada ya kuanza, walipoitafuta damu iliyoganda wasiione.

Aliyekuwa Waziri wa Afya wakati huo, Bi Sicily Kariuki, aliamuru mkuu wa hospitali aende likizo ya lazima. Daktari mpasuaji, mtaalamu wa dawa ya usingizi na wauguzi wawili wakasimamishwa kazi. Madaktari wenzao nao wakalalamika, wakisema aliyeshika kisu alitwikwa mzigo wa kosa lililoanzia mbali na meza yake.

Tukio hilo lilitokea katika hospitali kubwa zaidi ya umma nchini, yenye mabingwa na vifaa ambavyo hospitali za kaunti huvitamani. Yaani, utaalamu haukukosekana. Kilichokosekana ni kitendo cha sekunde chache: mtu kusimama, kusoma jina lililo kwenye mkono wa mgonjwa, kulilinganisha na faili na picha za uchunguzi, na kulitamka kwa sauti wote wakisikia.

Kitendo hicho si kigeni. Mnamo Juni 2008, Shirika la Afya Duniani, WHO, lilizindua orodha ya usalama wa upasuaji yenye vipengele 19. Orodha hiyo husomwa kwa sauti mara tatu: kabla ya mgonjwa kupewa dawa ya usingizi, kabla ya ngozi kukatwa, na kabla ya mgonjwa kutolewa chumbani. Huyu ni nani? Anapasuliwa nini, na upande gani? Mashine ya usingizi imekaguliwa? Kifaa cha kupima oksijeni kimebanwa kidoleni na kinafanya kazi? Damu ipo iwapo atavuja? Dawa ya kuzuia maambukizi imetolewa katika dakika 60 zilizopita? Sindano, vyombo na vitambaa vya kufyonza damu vimehesabiwa na kutimia?

Anayedhani kwamba mambo hayo ni ya Ulaya pekee na atazame Ifakara, mji mdogo wa Bonde la Kilombero nchini Tanzania. Hospitali ya Mtakatifu Francis ya mji huo ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizoijaribu orodha hiyo kati ya mwaka 2007 na 2008, sambamba na hospitali za London, Toronto, Seattle, Auckland, Amman, Manila na New Delhi. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha kwamba, kwa jumla ya hospitali hizo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi asilimia 0.8, na matatizo makubwa kutoka asilimia 11 hadi 7. Kilichotumika ni karatasi moja na nidhamu ya kuisoma.

Karatasi bila watu

Lakini itakuwa kosa kukimbilia hitimisho kwamba karatasi hiyo ina miujiza. Katika mkoa wa Ontario nchini Canada, hospitali ziliagizwa kuitumia orodha hiyo na kutoa taarifa kwamba zinaitumia. Watafiti walipochunguza hospitali 101 na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014, hawakuona upungufu wa vifo wa kutiliwa maanani. Alama za vema zilijaa kwenye fomu. Ikiwa kila mmoja alinyamaza na kusikiliza fomu hiyo ilipokuwa ikisomwa, hilo ni jambo jingine.

Afrika nayo ilipata funzo lake. Baada ya matokeo ya mwaka 2018, watafiti walirudi katika zaidi ya hospitali 300 za bara hili kupima iwapo vifo vingepungua endapo wagonjwa walio hatarini zaidi wangeangaliwa kwa karibu: walazwe mahali wanapoonekana na muuguzi, wapimwe mara nyingi zaidi, na jamaa zao waruhusiwe kukaa nao. Wazo lilikuwa zuri. Hata hivyo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha kwamba vifo havikupungua.

Wapo watakaosema kwamba hiyo ni ithibati kuwa kukesha na mgonjwa hakuna faida. Hoja hiyo haina mashiko. Agizo lilitolewa, lakini wauguzi walibaki walewale. Muuguzi mmoja mwenye wagonjwa wengi hawezi kuongeza saa kwenye usiku wake kwa sababu ameletewa waraka. Na hata akiiona dalili mapema, ataifanyia nini ikiwa damu haipo, au daktari yuko nyumbani kilomita nyingi kutoka hapo?

Masomo haya mawili, la Ontario na la Afrika, yanaafikiana. Amri peke yake haiokoi mtu. Kinachookoa ni watu wa kutosha, waliofunzwa, wenye ruhusa ya kusema na vifaa vya kutendea.

Watu hao ndio adimu. Tume ya Lancet ilipendekeza kila nchi iwe na angalau wataalamu 20 wa upasuaji, dawa ya usingizi na uzazi kwa kila watu 100,000. Kwa idadi ya wakazi wa Kajiado mwaka 2019, kipimo hicho kingehitaji takriban wataalamu 220. Uchunguzi wa Afrika wa 2018 ulikuta wastani usiofikia hata mmoja kwa kila watu 100,000.

Kenya haikukaa kitako. Kwa miaka mingi chuo cha mafunzo ya matibabu, KMTC, kimewafunza matabibu kutoa dawa ya usingizi, na Hospitali ya Kijabe imekuwa ikiwafunza wauguzi kazi hiyo tangu miaka ya 2000. Nje ya miji mikubwa, hao ndio wanaobeba sehemu kubwa ya kazi hiyo. Tatizo ni kwamba mara nyingi huwa peke yao. Mtu mmoja akiwa zamu, mama mmoja akiwa mezani na mwingine akiletwa akivuja damu, itambidi achague: amwache aliye usingizini, au amwache anayekufa mlangoni? Mfumo unaomlazimisha mtumishi kufanya uchaguzi kama huo haufai kushangaa anapokosea.

Mashine kwanza, binadamu baadaye

Kwa muda mrefu, siasa za afya nchini zimependa mashine. Mwaka 2015, serikali ya kitaifa ilizindua mpango wa kukodisha vifaa vya hospitali, ulioanza kwa gharama ya Sh38 bilioni, ambapo hospitali mbili za kila kaunti zilitengewa vifaa, vikiwemo vya vyumba vya upasuaji. Kamati maalumu ya Seneti iliyouchunguza mpango huo ilitoa ripoti kali mwaka 2020. Baadhi ya mashine zilikutwa zimelala bila kutumika, kwingine kwa kukosa wataalamu, kwingine kwa kukosa umeme au maji.

Mashine ina sifa moja ambayo muuguzi hana: inaweza kufunikwa kitambaa na kuzinduliwa. Mshahara wa muuguzi wa zamu ya usiku haukatiwi utepe. Isitoshe, ni gharama inayorudi kila mwezi, na kaunti zinazolalamikia kuchelewa kwa fedha kutoka Hazina ya Kitaifa huiogopa. Migomo ya madaktari, ule wa siku 100 uliomalizika Machi 2017 na ule wa siku 56 uliokwisha Mei 2024, ilionyesha mahali ambapo uhusiano wa serikali na wahudumu wake umechanika.

Mfumo mpya wa bima chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ulioanza Oktoba 2024, umeleta jambo jingine la kuangaliwa. Viwango vilivyotangazwa wakati huo vililipia Sh30,000 kwa mama aliyepasuliwa na Sh10,000 kwa aliyejifungua kwa njia ya kawaida. Bila shaka upasuaji una gharama kubwa zaidi. Lakini bima inayolipa kwa idadi ya operesheni, bila kuuliza wangapi walirudi nyumbani salama, humtuza anayepasua wengi sawa na anayewatunza. Kwa mji kama Kitengela, wenye hospitali nyingi za kibinafsi zinazoshindania wateja, hilo si jambo dogo.

Kipi kifanywe?

Chini ya Katiba ya 2010, hospitali za kaunti ziko mikononi mwa serikali za kaunti, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Kwa hiyo jibu halipaswi kusubiriwa kutoka Afya House, Nairobi. Madiwani wa Kajiado wana mamlaka ya kuuliza, na maswali yenyewe ni machache.

Kwanza, kabla ya chumba kingine cha upasuaji kujengwa, bajeti ionyeshe wauguzi wa chumba cha kupatia nafuu, mchana na usiku, pamoja na mtu wa pili wa dawa ya usingizi. Chumba kisichokuwa na watu hao hakijakamilika, hata kiwe kimepakwa rangi.

Pili, vifo vinavyotokea baada ya upasuaji vihesabiwe na idadi yake itangazwe kila mwaka, kwa hospitali za umma na za kibinafsi, bila kutaja majina ya wagonjwa. Baraza la Madaktari na Wataalamu wa Meno, KMPDC, hukagua majengo na leseni. Umma unahitaji kujua pia kinachowapata wanaoingia katika majengo hayo. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tatu, mhudumu anayeripoti kosa lililonusurika kuua asiadhibiwe kwa kuripoti. Baada ya kisa cha Kenyatta, funzo ambalo wengi walilipata ni kwamba kosa likijulikana, walio karibu nalo hupoteza kazi. Funzo kama hilo huzaa ukimya, na ukimya huzaa marehemu wengine. Hilo halimaanishi kwamba mzembe asiwajibishwe. Lamaanisha kwamba aliyechoka na aliyeachwa peke yake wasichukuliwe kuwa wazembe.

Nne, jamaa za wagonjwa nao wana sauti. Sheria ya Afya ya 2017 inampa mgonjwa haki ya kuelezwa matibabu yake, hatari zake na njia nyingine zilizopo, kabla ya kutoa idhini. Mume, mama mkwe au dada anayemsindikiza mgonjwa anaweza kuuliza kwa adabu: nani atampa dawa ya usingizi? Damu ipo? Akirudi wadini, atapimwa na nani, kila baada ya muda gani? Hospitali iliyojiandaa haitakasirika kuulizwa.

Hakuna lolote kati ya hayo linaloondoa haja ya barabara, ambulensi au vyumba vipya. Mkazi wa Magadi angali mbali mno na kisu kinachoweza kumwokoa, na hali hiyo haiwezi kuachwa hivyo. Lakini kumleta mgonjwa kutoka mbali, kumpasua vyema, kisha kumwacha peke yake gizani, ni kama kumvusha mtu mto wenye mamba kisha kumwachilia mkono akiwa hatua mbili tu kutoka ukingoni.

Siku utepe mwingine utakapokatwa, iwe ni Kitengela, Kajiado au kaunti nyingine yoyote, huenda likawa jambo jema mgeni wa heshima akiomba kuonyeshwa, kabla ya meza na taa, ratiba ya zamu za usiku. Majina yaliyoandikwa humo, au nafasi zilizoachwa wazi, ndiyo yatakayomweleza ikiwa amefungua hospitali au jengo.